Nondo za Mstari wa Tatu

Nyumbani, Jumamosi mchana

Mwanangu Nyangeta,

Umeondoka asubuhi na pikipiki kwenda Nyegina kumuaga bibi yako. Baba yako yuko nje anafunga sanduku lako kwa kamba, ingawa nimemwambia kufuli lake ni zima. Mimi nimekaa chumbani kwako kwa sababu ndicho chumba chenye meza. Mezani kuna nguo ulizokunja, vyeti vyako, ile barua ya chuo, na daftari langu la zamani lenye jalada la kijani, ambalo umelitia kwenye mfuko wa nailoni lisije likalowa njiani.

Sitakuandikia habari za kula wala za kufua. Shangazi yako amekueleza hayo yote mpaka umemkimbia, na wewe umejipikia tangu kidato cha kwanza. Nina habari moja tu, nayo ni ya daftari hilo.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakula sato, ukamwambia baba yako, "Wenzangu wataanza kutafuta data wakifika mwaka wa tatu. Mimi ninayo tayari. Miaka miwili, imepimwa kwa mkono, kila baada ya mvua. Mama ndiye aliyepima." Ukaeleza jinsi utakavyoiingiza kwenye kompyuta pamoja na picha za droni, utengeneze upya hesabu ya korongo letu, ionyeshe lilikotoka na litakakofika. Baba yako alicheka kwa furaha mpaka akapaliwa. Mimi niliacha kula. Ukaniuliza kama nimepata mwiba. Nikasema ndiyo.

Hakukuwa na mwiba. Kurasa tisa za daftari hilo ni za uongo. Niliziandika mimi, kwa mkono wangu, na nilijua ninachofanya.

Nitakueleza tangu mwanzo, maana najua utataka kujua kila kitu kilivyokwenda, na sitaki usikie nusu kwangu na nusu kwa watu.

Nilipoolewa hapa, korongo lile lilikuwa njia ya ng'ombe tu. Nililiruka nikiwa na ndoo kichwani. Ng'ombe walipita palepale kila siku kwenda kunywa, maji ya mvua yakafuata nyayo zao, na ulipozaliwa wewe nilikuwa sithubutu tena kuruka. Ulipofika miaka minne hivi, akaja mtafiti mmoja kutoka chuo, kijana mwembamba anaitwa Elineema. Alikuwa mtu wa Upareni, mpole, na alikuwa na tabia ya kuchuchumaa na kushika udongo kabla hata hajasalimia watu. Alitaka mtu anayeishi karibu na anayejua kuandika vizuri. Mwenyekiti wa kijiji akanitaja mimi.

Sijui kama nimewahi kukueleza siku ile ilikuwa nini kwangu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikarudi nikaolewa nikashika jembe. Hakuna mtu aliyekuwa ananiuliza kitu kinachohitaji kuandika. Sasa huyu mtu alinipa daftari, rula ya chuma na kalamu tatu, akanipeleka korongoni akanifundisha kama anavyofundishwa mtu mzima mwenye akili.

Alikuwa amechimbia nondo fupi za chuma kwenye kuta za korongo, mistari mitatu. Mstari wa kwanza ulikuwa chini kabisa, wa pili katikati, na wa tatu ulizunguka pale juu korongo linapoanzia. Yeye alipaita kichwa cha korongo. Kila mstari ulikuwa na nondo kumi na tano. Kila nondo alikuwa ameigonga mpaka ikabaki nje urefu wa kidole. Mvua ikila udongo, nondo inachomoza zaidi. Mvua ikileta udongo, inafukiwa. Kazi yangu ilikuwa kushuka baada ya kila mvua, kuweka rula, kusoma milimita na kuandika.

"Ukikuta hakuna kilichobadilika, andika sifuri," aliniambia. "Usiione aibu sifuri. Na ukishindwa kwenda, acha nafasi tupu. Nafasi tupu inaniambia kitu. Namba ya kubahatisha inanidanganya."

Hayo maneno yalikuwa wazi. Mtu asije akakwambia mama yako hakuelewa.

Mwaka wa kwanza nilipima kila kitu. Kurasa zile ni za kweli, niliziandika nikiwa nimepiga goti kwenye tope, na baadhi bado zina alama za vidole vyangu. Nilianza kulijua korongo. Nilijua upande wa machweo unaliwa polepole na upande wa mawio unabomoka kwa vipande. Nilijua mvua ndogo ndogo za wiki nzima haziondoi kitu, halafu mvua moja ya alasiri inaondoa kuliko miezi miwili. Elineema alikuja kila mwisho wa mwezi, akakaa pale kwenye benchi la jikoni akipitia daftari, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku moja alileta wageni wa chuo. Akawaambia mbele yangu, "Nina wapimaji sehemu tatu. Daftari la Mama Nyangeta ndilo pekee lisilo na pengo."

Nilikuwaga nalikumbuka neno hilo nikiwa nalima. Lisilo na pengo. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ingawa yeye alinisifu kwa nia njema.

Masika ya mwaka wa pili ukaugua. Ulikuwa na miaka mitano. Homa ya mapafu. Baba yako alikuwa visiwani kwenye kambi ya wavuvi, nikakubeba mimi mpaka barabarani, tukapata gari mpaka hospitali Musoma. Tulilala kule wiki mbili. Nilikuwa nasikia mvua juu ya bati la wodi na sikufikiria korongo hata mara moja. Naomba unielewe hapa: wewe huhusiki na jambo hili hata kidogo. Wiki mbili zile hakuna mtu angenilaumu. Kama ningeacha nafasi tupu, Elineema angeniuliza, ningemwambia mtoto aliugua, naye angesema pole.

Lakini tuliporudi nilifungua daftari nikaziona zile nafasi tupu, na mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku nne. Nikachukua kalamu. Kwa mvua zile nilizozikosa nikaandika milimita mbili hapa, moja pale, tatu pale, sifuri. Nilichanganya vizuri ili zisifanane. Nilitumia hata kalamu mbili tofauti. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maharage.

Baada ya hapo sina kisingizio. Mvua ziliendelea wiki nyingine tano. Njia ya kushuka ilikuwa inateleza, wewe ulikuwa bado dhaifu, mimi nilikuwa nimechoka. Nilisimama juu, nikatazama, nikarudi nyumbani nikaandika. Mara ya kwanza mkono ulikuwa mzito. Mara ya tano nilikuwa naandika huku nakuuliza kama umekunywa uji.

Mvua zilipokatika nikashuka. Mstari wa tatu haukuwepo, Nyangeta. Katika nondo kumi na tano zilibaki nne. Kumi na moja zilikwenda na udongo wote uliozishika. Kichwa cha korongo kilikuwa kimesogea hatua tatu kubwa, mpaka karibu na kisiki cha mgunga uliokatwa. Na daftari langu lilikuwa linasema milimita mbili, moja, tatu, sifuri.

Nilikaa chini pale korongoni. Nilikuwa na siku tano kabla Elineema hajaja. Ningeweza kumsubiri nimwambie. Badala yake nilikwenda kwa fundi aliyekuwa anajenga darasa la shule, nikamwomba vipande vya nondo nikasema ni vya kufungia mbuzi. Nikarudi navyo, nikavigonga kwa jiwe kwenye ukingo mpya, kwa mpangilio uleule. Kila nilipogonga kidogo niliweka rula, nikatazama daftari, nikagonga tena, mpaka urefu uliobaki nje ukawa sawasawa na nilichoandika. Nondo kumi na moja. Nilifanya kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nikazipaka tope zisionekane mpya.

Elineema alikuja safari hiyo kwa haraka, kifaa chake cha kupimia kilikuwa kimebaki kwa mwenzake. Alisimama juu akahesabu nondo kwa macho. Zilikuwa kumi na tano.

"Ni mimi, au ukingo umesogea?" akauliza.

"Ni majani, mwalimu. Yameota yakafuta mpaka wa zamani."

Akapekua daftari. "Mvua zilikuwa kubwa sana mwaka huu. Nilitegemea korongo liwe limekula zaidi."

"Labda hayo majani ndiyo yameshika udongo," nikamwambia.

Aliniangalia kwa heshima, kama mtu aliyefundishwa kitu. Akaandika kwenye kitabu chake: majani yanashika udongo. Niliona akiandika.

Kazi ilipoisha alirudi chuoni na daftari, na miezi kadhaa baadaye akaja na hesabu yake. Wewe utaielewa kuliko mimi. Nilichoelewa ni kwamba alichukua mteremko wa kilima, eneo ambalo maji yake yanakimbilia kwenye korongo, mvua, na kiasi cha udongo kinacholiwa kila mvua, akavitia kwenye kompyuta ikachora korongo litakavyokuwa miaka ijayo. Akaiita modeli. Serikali ya kijiji ikamwomba aonyeshe watu wanaweza kujenga mpaka wapi. Akaja na vigingi vyeupe, akavipanga kwenye mstari juu ya korongo, watu wote tukiwa tumesimama.

"Chini ya mstari huu msijenge," alisema. "Juu yake, kwa vipimo tulivyo navyo, hata watoto wenu wakioa na kuolewa korongo halitakuwa limefika."

Baba yako mdogo Magesa alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Alikuwa ametafuta kiwanja muda mrefu, na pale juu ya vigingi palikuwa pazuri, ardhi ya shamba iko mbele na maji si mbali. Lakini Magesa haamini kitu upesi, unamjua. Hakumuuliza mtafiti. Alinifuata mimi nikiwa nachota maji.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa unashuka mle ndani. Huyu mgeni anasoma tu ulichoandika wewe. Niambie kama ndugu, niweke nyumba pale?"

Ndoo ilikuwa imejaa, maji yalikuwa yanamwagika miguuni kwangu. Nilikumbuka kisiki cha mgunga. Nilikumbuka pia wageni wa chuo, na benchi la jikoni, na kwamba nikisema hapana ataniuliza kwa nini.

"Weka," nikamwambia.

Nimelitazama neno hilo kwa miaka yote hii. Uongo wa daftari niliuambia karatasi. Huu niliuambia uso wa mtu aliyeniamini, akiwa amesimama karibu nami kama ulivyo ukuta huu na meza.

Akajenga. Nyumba ya matofali ya kuchoma, zizi upande wa chini. Masika ya kwanza hakuna kilichotokea, nikaanza kupumua. Masika ya pili ilinyesha mvua moja ya alasiri, ile niliyokuwa naijua. Sisi tulikuwa jikoni, wewe ulikuwa unafanya kazi ya shule ya darasa la pili. Tulisikia mlio kama gari linamwaga mawe. Tulipofika, zizi lilikuwa nusu limeingia korongoni na ukuta wa nyumba ulikuwa umepasuka. Magesa alikuwa ameingia zizini kumfungua maksai wake aliyebaki, na ukingo ukashuka naye. Walimtoa wanaume sita kwa majembe na mikono. Alikuwa hai. Mguu wa kushoto ulikuwa umesagika chini ya jiwe la msingi.

Hayo mengine unayajua, umeyaona: fimbo yake, shamba lililouzwa, kuhamia Butiama kusimamia mashine ya kusaga ya mtu mwingine, yeye aliyekuwa analima ekari nyingi kuliko yeyote kijijini hapa. Usilolijua ni kwamba Elineema alikuja.

Alikuja wiki moja baada ya hapo, bila kuitwa. Alizunguka korongo siku nzima. Jioni akanikuta naanua nguo. Alikuwa amechafuka tope mpaka mabegani.

"Mama Nyangeta, nakuuliza si kwa ubaya. Vipimo vya mwaka ule wa pili, ulivipima wewe mwenyewe vyote?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Hakuwa na hasira. Kama ningesema hapana, nadhani angekaa chini palepale na angenishukuru. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unatutazama.

"Nilivipima mimi mwenyewe, mwalimu. Vyote."

Akatikisa kichwa. "Basi kosa ni langu," akasema. Kesho yake akakusanya watu, akamwendea Magesa aliyekuwa amelala nje kwenye mkeka, akapiga goti akamwambia hivyohivyo mbele ya kijiji kizima. Kosa ni langu, nilikosea hesabu. Mimi nilikuwa nimesimama na kina mama wengine. Mmoja akaninong'oneza, "Hawa wasomi bwana," nikamwitikia.

Kabla ya kuondoka alinirudishia daftari. Akaniambia nilitunze, ni kazi nzuri.

Nililificha kwenye sanduku la vitenge. Ningeweza kulichoma. Sikulichoma, na sijui kwa nini, labda kwa sababu ya ule mwaka wa kwanza. Wewe ukalikuta ukiwa kidato cha pili. Ulilikalia siku mbili, ukachora mistari ya kupanda na kushuka kwenye karatasi za grafu, ukaja kunionyesha kwa macho yanayong'aa. Na kila Krismasi Magesa alipokuja, alisemaga, "Wale watu wa hesabu waliniua mguu," nawe ukamjibu siku moja, "Baba mdogo, mimi nitapiga hesabu isiyokosea." Watu wote walicheka. Mimi nilikwenda jikoni.

Kwa hiyo umechagua masomo haya kwa sababu ya uongo wangu. Nimejitahidi kuligeuza jambo hili liwe na upande mzuri nimeshindwa.

Jumatatu nilimweleza baba yako. Alisogeza kikombe cha chai pembeni. Halafu akasema, "Magesa ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ukisema, unatutenganisha. Na mtoto anaondoka na moyo safi, kwa nini umbebeshe hili? Mwambie tu hilo daftari limepitwa na wakati, alitupe." Simlaumu. Hata mimi nililifikiria hilo. Lakini ungelitupa kwa kunitii, halafu ungeendelea kuniamini mimi na kumdharau yule mtu aliyepiga goti. Nikamwambia hivyo. Hajasema nami vizuri tangu siku hiyo, ndiyo maana anafunga sanduku lenye kufuli zima.

Jumatano nikaenda Butiama. Nilimkuta Magesa kwenye mashine, akanikaribisha kwa furaha, akanipangusia kiti. Nikamwambia siketi. Nikaeleza yote, kelele za mashine zikawa zinanilazimisha kusema kwa sauti. Alipoelewa ninasema nini akaizima. Wateja waliokuwa wanasubiri wakatoka nje bila kuambiwa.

"Shemeji, nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Pale kisimani."

"Ndiyo."

"Ukaniambia niweke."

"Nilikwambia weka."

Alitazama mguu wake muda mrefu. Nilisubiri anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Akasema tu, "Nimemlaani yule kijana miaka kumi na mbili." Kisha akasema watu wana mahindi yao, akawasha mashine, akanigeuzia mgongo. Sijasikia neno lake tangu hapo. Kesho alikuwa aje kukuaga. Sijui kama atakuja, na asipokuja usimkasirikie.

Alhamisi nikampata Elineema kwenye simu. Ofisi ya kata walikuwa bado na namba yake. Anafundisha hisabati sekondari moja huko kwao. Aliacha yale mambo ya makorongo mwaka uleule. Nilipojitaja alinikumbuka mara moja, akaniuliza mtoto aliyekuwa mgonjwa anaendeleaje. Nilikuwa nimemtajia ugonjwa wako baadaye, kwa kupita tu, na alikuwa hajausahau.

Nikamwambia. Hakunikatiza.

"Nondo ngapi zilikwenda?" akauliza.

"Kumi na moja. Mstari wa tatu."

Akavuta pumzi. "Mama Nyangeta, hesabu yangu ya kwanza kabisa, kabla sijaingiza vipimo vyako vya mwaka wa pili, ilisema korongo litafika pale. Ilisema litapita pale. Halafu nikaona haikubaliani na vipimo. Nikapandisha ile namba ya jinsi udongo unavyoshikilia, kidogo kidogo, mpaka hesabu ikafuata daftari. Nilifundishwa kwamba hesabu ikigombana na kilichopimwa, unaamini kilichopimwa."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Nimerudia hesabu ile kila likizo," akasema. "Nilikuwa natafuta nilipokosea."

Akaniaga kwa adabu akakata simu. Hakuniambia amenisamehe na mimi sikumuomba, maana niliona ningekuwa namwomba tena kazi ya bure, juu ya zile hesabu za kila likizo.

Leo nimechukua kalamu nyekundu nikapiga mstari pembeni mwa kurasa zote tisa. Pembeni ya kila moja nimeandika ninachokumbuka kwa kweli: kwamba sikushuka, kwamba nondo kumi na moja hazikuwepo, kwamba ukingo ulisogea hatua tatu mpaka kwenye kisiki. Sijachana hata ukurasa. Kurasa za mwaka wa kwanza unaweza kuzitumia, na kama hutaziamini tena kwa sababu ya hizi nyingine, nitaelewa. Namba ya Elineema nimeiandika nyuma ya jalada. Sikushurutishi kumpigia.

Huko unakokwenda utapima vilima na mito kwa vyombo vinavyoona mpaka unene wa kucha. Lakini nadhani mahali fulani kutakuwa na mtu kama mimi, amepewa rula na daftari, anapenda sana kusifiwa. Ukimtembelea, muulize amekosa kwenda siku ngapi, na muulize kama mtu ambaye hatashangaa kusikia. Mimi hakuna aliyeniuliza hivyo mapema, ila sitasema kwamba ndiyo sababu. Nilikuwa na miaka yote hii ya kusema bila kuulizwa.

Unaweza kunikasirikia muda wowote utakaoona unafaa. Usijikaze kwa ajili yangu. Sitakupigia simu kila siku kutafuta kama hasira imepoa.

Nilikuwa nimepanga nikupe barua hii kesho stendi ya Bunda, kupitia dirisha la basi, ukiwa umeshakaa na dereva amewasha. Nilipanga hata maneno ya kusema: utaisoma njiani. Nimeandika mpaka hapa nikaona kwamba ni mtindo uleule, kusimama juu bila kushuka. Kwa hiyo nitakupa leo, ukishakula. Nitakaa kwenye kiti hiki mpaka umalize kusoma, na utakaloniuliza nitalijibu.

Nasikia pikipiki inapanda kilima. Baba yako ameshasimama kukupokea.

Mama yako